Maneno Madogo Chini ya Jina

Kitabu huwa na jina lake kuu, na mara nyingi chini ya jina hilo huwekwa maneno mengine machache, yaani jina la pili. Filamu nayo huandikwa maneno chini ya picha, ili mtazamaji asiyejua lugha inayosemwa apate kuifuata. Wengi huyahesabu maneno hayo kuwa pambo tu. Historia yetu yaonyesha kwamba sivyo: maneno madogo humwongoza msomaji, tena huamua nani ataelewa.

Mfano wa kwanza ni wa Shaaban Robert. Mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, alitoa kitabu *Kusadikika*, ambacho jina lake la pili ni *Nchi Iliyo Angani*. Humo kijana Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kutafuta mema, kisha wakalipwa kifungo. Wahakiki wengi wameona humo utawala wa kikoloni ukihukumiwa. Lakini jina la pili laiweka nchi hiyo mahali ambapo hakuna mtawala wa duniani awezaye kusema, "Hapa ni kwangu." Maneno matatu yakawa ngao.

Mfano wa pili umo katika Biblia zetu. Vichwa vidogo vinavyotangulia mafungu, kama katika Biblia Habari Njema, havimo katika maandiko ya asili. Viliongezwa baadaye ili kumsaidia msomaji. Ni msaada mwema. Hata hivyo, tukizoea kuiita Luka 15:11–32 habari ya mwana mpotevu, twaweza kumsahau kaka yake aliyekataa kuingia nyumbani, ingawa mfano wenyewe waanza kwa kutaja wana wawili.

Katika filamu swali la nani ataelewa ni zito zaidi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza sinema za elimu huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Picha hazikuwa na sauti. Maelezo yalitolewa kwa santuri, katika lugha za watazamaji. Hivyo hata asiyejua kusoma alifikiwa. Tangu miaka ya 2000, filamu nyingi za Kiswahili zilizotengenezwa nchini zimeandikwa Kiingereza chini ya picha, lakini filamu nyingi za kigeni zimetufikia bila Kiswahili. Basi mgeni amefunguliwa mlango wa nyumba yetu, naye mzee wa Igowole, ajuaye Kihehe na Kiswahili, amesimama nje ya nyumba ya mgeni.

Kwa hiyo msomaji hana budi kuuliza ni nani aliyeyaandika maneno madogo, na kwa faida ya nani. Naye mwandishi, kabla ya kuweka kalamu chini, ajiulize: Namwongoza nani, na namwacha nani nje?