Mshale, Mswaki na Moyo: Historia ya Dawa Iliyotoka Porini Kwetu

Katika bonde la Mto Shire, kusini mwa nchi ambayo leo ni Malawi, wawindaji wa katikati ya karne ya 19 walikuwa na sumu waliyoiita kombe. Waliipata kutokana na mbegu za mmea utambaao, wakaipaka kwenye ncha za mishale. Mnyama aliyepigwa hakwenda mbali. Wawindaji waliikata nyama iliyozunguka jeraha na kuitupa, na iliyobaki wakaila wao na watoto wao bila kudhurika.

Msomaji asilipite jambo hilo haraka. Mtu anayejua kwamba kitu fulani huua kikiingia kwenye damu, lakini hakimdhuru mlaji kikipita tumboni kwa kiasi kidogo, anao ujuzi uliopatikana kwa kuangalia, kujaribu, kukosea na kukumbuka, kizazi baada ya kizazi. Hakuwa na maabara, ila alikuwa na swali, na swali hilo alilipatia jibu.

Kati ya 1858 na 1863 alipita huko daktari wa Kiskoti aitwaye John Kirk, mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone wa Mto Zambezi. Alikusanya sampuli za sumu ile, akazihifadhi pamoja na mswaki wake. Siku moja, akisafisha meno, alihisi uchungu mkali ulimini, kisha akabaini kwamba mapigo ya moyo wake yamepungua kasi. Mtu mwingine angeutupa mswaki na kushukuru Mungu. Kirk, kwa kuwa alikuwa daktari, alitambua kwamba ameonja kitu kinachousemesha moyo moja kwa moja.

Wasomaji wa historia ya Zanzibar wanamjua Kirk kwa sababu nyingine. Ndiye aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza kisiwani, na ndiye aliyemshinikiza Sultani Barghash kutia saini mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko la watumwa. Katika vitabu vyetu vya shule Kirk ni mtu wa siasa. Kwamba ni yeye pia aliyefungua mlango wa dawa ya moyo, hilo halifundishwi. Nalo halikupaswa kusahauliwa, kwa kuwa katika mtu huyo mmoja tunaona jinsi dola, biashara na sayansi vilivyosafiri katika jahazi moja.

Sampuli zilifika Uingereza. Wataalamu wa bustani ya Kew waliupa mmea jina la Kilatini, Strophanthus kombe, na hivyo neno la wawindaji wa Shire likabaki katika vitabu vya sayansi, ingawa wawindaji wenyewe hawakubaki. Mjini Edinburgh, Thomas Richard Fraser alifanya kazi ya miaka mingi juu ya mbegu hizo, akatenga kiini chake na kukiita strofanthini, akaonyesha kwamba kinafanya kazi juu ya msuli wa moyo. Mwaka 1906, Albert Fraenkel alianza kuwachoma wagonjwa wa moyo sindano za strofanthini za mshipani huko Strasbourg, na dawa hiyo ikatumika sana Ujerumani kwa miongo kadhaa.

Upande wa kaskazini kulikuwa na sumu nyingine, ndugu ya ile ya kwanza. Inatokana na mti ambao Waswahili wengine huuita msunguti na Wamasai huuita ol-morijoi. Wawindaji wa Kikamba, Kigiriama na Kiwaata waliuchemsha hadi ukabaki mweusi na mzito kama lami, wakaupaka kwenye mishale na kuifunika kwa ngozi ili isimguse mtu. Wasomali waliiita sumu ya aina hiyo waabaayo. Mwaka 1888, mkemia Mfaransa Léon-Albert Arnaud aliitenga katika hali ya fuwele, na kutokana na neno hilo la Kisomali dunia ikapata jina la wabaini. Hata panya mmoja wa Afrika Mashariki mwenye manyoya marefu ameujua mti huo: watafiti walieleza mwaka 2011 kwamba huutafuna na kujipaka mate yake ubavuni ili mbwa amwogope.

Je, sumu hii hufanya nini ndani ya moyo? Jibu lilikawia hadi katikati ya karne ya 20. Kila seli ya mwili ina utando, na katika utando huo mna kitu mithili ya pampu, kitoacho sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Kazi hiyo ndiyo inayoiwezesha seli ya neva na ya moyo kupitisha umeme wake kwa mpangilio. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Aarhus, Denmark, alichapisha utafiti wake juu ya kimeng'enya alichokipata katika neva za miguu ya kaa, akapendekeza kwamba kimeng'enya hicho kinahusika na kazi hiyo. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa kimataifa mjini Vienna, Mmarekani Robert Post alimuuliza swali fupi: je, kinazuiwa na wabaini? Skou hakuwa amejaribu. Alipiga simu maabarani kwake, wakajaribu, na jibu likawa ndiyo. Basi ni sumu ya mishale iliyothibitisha kwamba kimeng'enya kile ndicho pampu yenyewe. Mwaka 1997 Skou alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya kemia.

Kwa ufupi, sumu huiziba pampu. Sodiamu hujaa ndani ya seli, na kwa sababu hiyo kalsiamu nayo hubaki nyingi kuliko kawaida, msuli wa moyo ukajikaza kwa nguvu zaidi. Wakati huohuo njia ya umeme kutoka vyumba vya juu vya moyo kwenda vya chini hupunguzwa kasi. Mgonjwa ambaye vyumba vyake vya juu vinatetemeka ovyo hupata nafuu, maana vyumba vya chini haviburuzwi tena mbio. Kiasi kikizidi kidogo tu, mpangilio wote huvunjika, moyo ukapiga bila utaratibu na kusimama. Kilichomponya mgonjwa wa Strasbourg na kilichomuua swala wa Shire ni kitu cha ukoo mmoja, na tofauti yao ni kipimo.

Sasa nirudi kwenye siasa. Katika miaka hiyohiyo ambayo Skou alikuwa akiuliza maswali yake, serikali ya kikoloni ya Kenya ilikuwa ikiendesha kampeni kubwa dhidi ya ujangili katika hifadhi ya Tsavo, iliyoanzishwa 1948. Walioandamwa zaidi walikuwa Wawaata, mabingwa wa upinde mrefu na mishale yenye sumu ya msunguti. Wengi walifungwa jela. Sitasema kwamba tembo hawakustahili kulindwa, maana waliuawa kwa wingi na pembe zao zilikuwa na wanunuzi. Nasema tu kwamba kitu kilekile kilikuwa ushahidi wa jinai kilipokuwa mkononi mwa Mwaata, na kikawa kifaa cha utafiti kilipofika Aarhus. Hakuna aliyefikiri kwamba mfungwa yule angeweza kuwa na jambo la kumfundisha msomi.

Hata hivyo, nawaonya wanafunzi wangu wasiifanye historia hii kuwa ngano ya weupe na weusi tu. Dawa nyingine ya ukoo huu, ile ya mmea wa digitali wa Ulaya, ina kisa kinachofanana. Mwaka 1775 daktari Mwingereza William Withering aliombwa maoni juu ya mchanganyiko wa mitishamba wa bibi mmoja wa Shropshire, aliyewatibu watu waliovimba mwili wakati madaktari walikuwa wameshindwa. Withering alitambua kwamba nguvu iko katika digitali, akaandika wagonjwa wake mmoja mmoja kwa miaka kumi, wale waliopona na wale waliodhurika, akachapisha kitabu mwaka 1785. Jina la Withering tunalo. Jina la yule bibi hakuliandika. Bibi huyo alikuwa Mwingereza kama yeye, lakini alikuwa mwanamke wa kijijini asiye na shahada. Ujuzi wa mnyonge huchukuliwa bila jina popote, na rangi ni sababu mojawapo tu.

Tena tuwe wakweli kwa upande wa pili. Kilichoigeuza sumu kuwa dawa ni daftari la Withering na mizani ya Fraser, nayo kazi hiyo haikukoma. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusisha wagonjwa 6,800 wa moyo huko Marekani na Kanada. Digoksini, itokanayo na digitali, ilipunguza idadi ya waliolazwa hospitalini kwa moyo kushindwa, lakini haikupunguza vifo. Baada ya zaidi ya miaka 200 ya kutumiwa, dawa ilisimamishwa kizimbani na kuulizwa: unafanya nini hasa? Huo ndio unyenyekevu wa sayansi inapokuwa mwaminifu. Sisi tunakumbuka mwaka 2011, maelfu walipofunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Kuwaheshimu wazee wetu hakutuondolei wajibu wa kupima. Msasi wa Shire mwenyewe asingekubali sumu ambayo haijajaribiwa.

Kwa hiyo madai yangu ni matatu. Kwa wanafunzi: nendeni mkaandike mnachokisikia kwa waganga na wawindaji, na mwandike majina yao kwa ridhaa yao. Kwa wanaharakati: Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014, inatambua haki ya jamii kunufaika na ujuzi wao wa viumbe vya asili. Haitarejesha kombe wala waabaayo, lakini inaweza kulinda kitakachogunduliwa kesho, iwapo kuna mtu wa kuisimamia.

Kwa watumishi wa umma: ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi bado unawapata vijana wetu, na wengi wao huishia na mapigo yasiyo na mpangilio. Digoksini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na bei yake si kubwa. Lakini dawa ambayo kipimo chake ni chembamba hivi inahitaji mtu wa kupima potasiamu na kazi ya figo, na mashine isiyokaa miezi ikisubiri kitendanishi. Ukaguzi wa hospitali za wilaya usiishie kuhesabu vidonge vilivyomo ghalani, uulize pia kama kuna kipimo. Wawindaji wa Shire walijua tangu zamani kwamba mwenye sumu bila kipimo ni hatari kwa nyumba yake mwenyewe.