Barua ya Noeli 1999: Kalamu ya Askofu Mkuu Kataliko

Tarehe 24 Desemba 1999, Askofu Mkuu wa Bukavu, Mhashamu Emmanuel Kataliko, aliwaandikia waamini wake barua ya Noeli, akiiweka chini ya maneno ya faraja ya nabii Isaya. Wiki saba baadaye, barua hiyo ilikuwa imemfukuza mwandishi wake kutoka jimboni mwake.

Vijana wapendwa wa Masisi na Walikale, ninyi wengi wenu hamjazaliwa wakati ule. Vita vilivyoanza Agosti 1998 vilikuwa vimegawanya nchi yetu, na Kivu ilitawaliwa na waasi wa RCD, wenye makao yao Goma na wenye kuungwa mkono na Rwanda. Huko Kusini, mauaji ya Kasika na ya Makobola yalikuwa bado kidonda kibichi. Aliyemtangulia Kataliko kwenye kiti cha Bukavu, Mhashamu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliuawa mjini humo tarehe 29 Oktoba 1996, baada ya kuandika na kunena waziwazi juu ya hatari iliyokuwa ikiwajia watu wake na wakimbizi. Kwa hiyo Kataliko alipochukua kalamu, alijua vema kalamu hiyo imetoka mkononi mwa nani. Katika barua yake alimtaja.

Aliandika nini? Kwamba mataifa ya kigeni, kwa msaada wa baadhi ya ndugu zetu Wakongomani, yanaendesha vita kwa mali ya nchi yetu wenyewe. Na kwamba utajiri uliopaswa kujenga shule na kutibu wagonjwa umegeuka kuwa chombo cha kutuua. Wanakijiji hawawezi tena kulima mashamba yao kwa amani. Mwaka uliofuata, bei ya koltani ilipanda ghafla katika soko la dunia kwa sababu ya simu za mkononi na kompyuta, na vilima vya Masisi vikavamiwa na wachimbaji na wenye bunduki. Baadaye ikaja zamu ya Walikale: kule Bisie watu walibeba magunia ya kasiteriti mgongoni kwa siku nzima na zaidi, wakipita msituni, na ndege ndogo zikatua juu ya barabara pale Kilambo ili kuyapeleka Goma. Mwishoni mwa Aprili 2024 Rubaya ikaangukia mikononi mwa M23. Machimbo yake hukadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya ulimwengu. Simu iliyo mfukoni mwa kijana wa Paris, au wa Goma, huenda ina chembe ya kilima ambacho baba yake mmoja wenu alikilisha ng'ombe.

Lakini kuna sehemu ya barua ambayo wengi wetu tunapenda kuiruka. Tunakumbuka aliyoyasema juu ya wageni; tunasahau aliyoyasema juu ya Kanisa lenyewe. Alisema kwamba parokia na konventi zimeporwa, kwamba mapadre na watawa wamepigwa na kuuawa. Kisha akaongeza sababu yake: watumishi hao wa Kanisa, kwa namna wanavyoishi, wanaukemea udhalimu unaowakandamiza watu. Kumshutumu adui katika barua ya Noeli kulihitaji ujasiri. 

Tarehe 12 Februari 2000 wakuu wa RCD walimzuia asirudi Bukavu, wakampeleka Butembo. Walimshitaki kwamba anachochea chuki ya kikabila. Tazameni adhabu hiyo ilivyokuwa ya ajabu: mtu amehamishiwa kwao! Kataliko alizaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Lubero, na alikuwa askofu wa Butembo-Beni kwa zaidi ya miaka thelathini. Huko alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mwaka 1989. Ndani ya adhabu hiyo mlifichwa neno: wewe Mnande, rudi kwa Wanande, Bukavu si kwenu.

Neno hilo sisi tunalijua. Tarehe 20 Machi 1993, katika soko la Ntoto, wilaya ya Walikale, watu waliuawa kwa sababu ya lugha waliyosema, na moto ukavuka hadi Masisi. Wahunde, Wanyanga na wenye kusema Kinyarwanda, waliokuwa wakiuziana maharage na maziwa, walichinjana, maelfu walikufa. Mwezi wa Mei 1996, Watutsi waliokimbilia kwenye monasteri ya Mokoto waliuawa palepale walipotafuta kimbilio kwa wamonaki. Swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni halikuanza na RCD, wala halikwisha nayo.

Watu wa Bukavu walijibuje? Wengi wao ni Washi, nao walikuwa na kila sababu ya kusema kwamba Mnande amerudi kwao, basi. Badala yake walimdai askofu wao. Ibada zilisimamishwa na shule zikafungwa kwa kupinga uhamisho wake. Naye, kutoka Butembo, aliendelea kuwaandikia. Baada ya miezi saba, tarehe 14 Septemba 2000, RCD ilimwachia arudi, na mji ukatoka kumpokea.

Wapo waliorithi kazi hiyo kwa vyombo vya siku hizi. Padre Vincent Machozi, Mwasumsionisti, aliendesha tovuti iliyoandika habari za mauaji ya Beni na Lubero. Usiku wa tarehe 20 Machi 2016, Jumapili ya Matawi, watu wenye silaha walimuua huko Vitungwe, karibu na Butembo.

Kataliko mwenyewe hakuuawa kwa risasi. Siku ishirini tu baada ya kurudi Bukavu, tarehe 4 Oktoba 2000, moyo wake ulisimama akiwa Roma kwa mkutano wa maaskofu. Mwili uliletwa Kongo. Butembo palikuwa kwao, na huko angeweza kulala kati ya ndugu zake. Alizikwa Bukavu.