Tusimlaumu Mama: Historia Fupi ya Usonji



Ndugu zetu wapenzi, katika familia zetu mtoto akifika miaka mitatu hasemi, akiitwa hageuki, na akawa anashinda kutwa akizungusha kifuniko cha sufuria, swali la kwanza huwa: "Mama yake alifanya nini?" Wengine husema karogwa, wengine husema majini, wengine husema mama hakujua kulea. Tusidhani swali hilo ni la kwetu peke yetu. Huko Marekani wasomi waliliuliza kwa miaka mingi, wakalijibu vibaya, na akina mama wakaumia. Tuitazame historia hiyo ili tupate mazingatio.

Lawama ilivyoanza

Mwaka 1943 Dk. Leo Kanner wa Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, alichapisha habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, waliokuwa wamejitenga na watu na waliotaka kila kitu kibaki vile vile kilivyo. Hali hiyo ndiyo tunayoiita usonji. Kanner aliandika kuwa watoto hao walionekana kuzaliwa nayo. Lakini aliongeza kuwa wazazi wengi aliowaona hawakuwa wachangamfu, na maneno hayo ya pili ndiyo yaliyoshikwa. Likazuka jina la "mama friji", yaani mama aliyemgandisha mwanawe kwa kukosa mapenzi.

Bruno Bettelheim wa Chuo Kikuu cha Chicago aliikuza fikra hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1967. Aliwalinganisha watoto hawa na wafungwa wa kambi za Wanazi, akaona ni bora watenganishwe na wazazi wao. Basi mama aliyekwenda kutafuta msaada alirudi na mizigo miwili: ugonjwa wa moyo juu ya mtoto, na aibu.

Baba aliyekataa

Bernard Rimland alikuwa mwanasaikolojia wa Jeshi la Majini la Marekani mjini San Diego. Mwanawe aliyezaliwa mwaka 1956 alikuwa na usonji, naye alimwona mkewe anavyompenda mtoto huyo. Akasoma kila alichokipata, na mwaka 1964 akatoa kitabu kilichosema kuwa chanzo kiko katika ubongo, si katika malezi. Kanner mwenyewe alimwandikia dibaji. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter, huko Uingereza, walichunguza jozi 21 za mapacha. Katika jozi 11 za mapacha wanaofanana kabisa, jozi 4 walikuwa na usonji wote wawili. Katika jozi 10 za wasiofanana, haikupatikana hata moja. Hapo ikadhihirika kuwa kurithi kuna sehemu kubwa.

Kofi na zawadi

Kama si kosa la mama, je, mtoto asaidiwe vipi? Hapa anaingia Ivar Lovaas, mzaliwa wa Norway aliyefundisha Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Njia yake ilikuwa kuligawa jambo vipande vidogo. Mfano, kunawa mikono: kwanza kufungua maji, kisha kushika sabuni, kisha kusugua. Mtoto akiweza kipande kimoja hupewa zawadi papo hapo, hata kama ni sifa tu au kitu kidogo cha kula. Mwaka 1987 alitangaza kuwa watoto 9 kati ya 19 waliofundishwa saa 40 au zaidi kwa wiki waliweza kusoma darasa la kawaida na kufikia kiwango cha kawaida cha akili. Wataalamu wengine walimkosoa, kwani watoto hawakugawiwa makundi kwa kura.

Lakini lipo doa. Katika miaka ya 1960 Lovaas aliwapiga watoto makofi na kutumia hata mshtuko wa umeme, na katika utafiti wa 1987 kofi la pajani lilikuwa bado limo. Baadaye njia hizo zililaaniwa na wengi, na watu wazima wenye usonji wamesimama kueleza machungu yake. Mwaka 2010 Geraldine Dawson, Sally Rogers na wenzao walitoa matokeo ya watoto wadogo 48: waliofundishwa kwa michezo, pamoja na wazazi wao, walipiga hatua zaidi katika lugha na akili kuliko waliopata huduma za kawaida. Hapakuhitajika kofi.

Mazingatio kwetu

Anas bin Malik (Radhiya Allaahu 'anhu) alimtumikia Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) miaka kumi tangu utotoni, na alisimulia kuwa hakuwahi kuambiwa hata "uff". Wasomi walihitaji miaka mingi kulifikia somo ambalo sisi tunalo msikitini.

Basi mtoto asipoitika, tumpeleke hospitali mapema apimwe masikio na makuzi yake. Tusimfiche ndani, tusimpige. Tumfundishe kidogo kidogo, na tumfurahie kwa kila hatua. Na mama yake tumpokelee mtoto japo saa moja apumzike, badala ya kumhoji.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala) awape subira wazazi wote wenye mtihani huu, na atujaalie tuwe wepesi wa kusaidia kuliko kulaumu. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiq.