Kijumba Kiitwacho Seli: Kilivyogunduliwa, na Kinachotufunza Kuhusu Damu ya Mtoto Wako

  

Leo tunazungumza juu ya seli. Najua mwingine anasema, "Muuguzi, hayo ni ya wanafunzi wa sekondari. Mimi nina mtoto anayelia mifupa kila mara, macho yamekuwa ya manjano, na nyumbani naambiwa ni laana ya ukoo wetu." Mama, baba, usiende popote. Mazungumzo haya ni yako kuliko ya mwanafunzi. Ugonjwa wa mtoto huyo haukujulikana chanzo chake mpaka watu walipoijua seli, na kuijua kulichukua karibu miaka 300.

Seli ni nini? Ni kijumba kidogo mno ambacho mwili umejengwa nacho, kama vile ukuta unavyojengwa kwa matofali. Ngozi ni seli, ini ni seli, jani la sukuma wiki ni seli. Kwa kuwa nyingi hazionekani kwa macho matupu, ilibidi kwanza kipatikane chombo cha kuzikuza, yaani hadubini.

Mwaka wa 1665, huko Uingereza, Robert Hooke alikata kipande chembamba cha gome lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, akakitazama kwa hadubini. Aliona vyumba vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki. Akaviita seli, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya chumba kidogo. Lakini gome lile lilikuwa limekufa. Hooke aliona kuta tu, wenye nyumba hawakuwapo.

Wenye nyumba walionekana Uholanzi. Katika mji wa Delft kulikuwa na mfanyabiashara wa vitambaa aitwaye Antonie van Leeuwenhoek. Hakuwa daktari wala hakusoma chuo kikuu, ila alijua kusugua vioo vidogo mpaka vikakuza vitu zaidi ya mara 200. Mwaka wa 1674 aliandika habari za seli nyekundu za damu, na mwaka wa 1676 akaeleza juu ya viumbe hai vidogo alivyoviona ndani ya maji, ambavyo vingine leo tunaviita bakteria. Wengi walishuku maneno yake mpaka walipotazama wenyewe. Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama.

Hata hivyo, kuona si kuelewa. Miaka zaidi ya 150 ilipita. Mwaka wa 1831 Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, alieleza kwamba ndani ya seli za mimea aliyochunguza mna kitu cha mviringo, akakipa jina la kiini. Mwaka wa 1838 Mjerumani Matthias Schleiden alisema mimea yote imejengwa kwa seli. Mwaka uliofuata mwenzake, Theodor Schwann, akasema hata wanyama ni hivyo hivyo. Kisha mwaka wa 1858 daktari Rudolf Virchow wa Berlin akachapisha kitabu chenye fundisho lililobadilisha uuguzi na udaktari wote: kila seli huzaliwa na seli nyingine, na ugonjwa tuutafute ndani ya seli.

Msikilizaji, hebu lipime neno hilo. Kabla ya hapo madaktari wengi wa Ulaya waliamini kwamba mtu huugua kwa sababu maji ya mwilini mwake hayana uwiano, na walizoea kumtoa mgonjwa damu ili apone. Virchow aliwaelekeza watazame mahali padogo zaidi. Hapo swali likawa: ndani ya seli mna nini?

Ili tuelewane, chukua mfano wa boma. Ua unaolizunguka boma ni utando wa seli. Huo huchagua kinachoingia na kinachotoka. Mimea ina ukuta mgumu zaidi nje ya utando huo, na ndio Hooke aliouona. Kiini ni nyumba ya mzee wa boma, ambamo maagizo yote ya ukoo yamehifadhiwa. Ribosomu ni mafundi wanaoyafuata maagizo hayo na kutengeneza protini. Mitokondria ni jiko, kwa maana humo chakula hugeuzwa kuwa nguvu kwa msaada wa hewa ya oksijeni. Vifaa vya Golgi ni chumba cha kufungasha mizigo na kuipeleka inakotakiwa. Lisosomu ni mahali pa kuvunjavunja taka. Mimea ina kloroplasti pia, ambazo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na ndizo zinazoipa sukuma wiki rangi yake.

Vitu hivi havikujulikana kwa siku moja. Golgi ni jina la daktari wa Italia, Camillo Golgi, aliyeviona vifaa hivyo ndani ya seli za neva mwaka wa 1898. Mwaka huo huo Carl Benda wa Ujerumani ndiye aliyetunga jina la mitokondria. Lakini kazi ya mitokondria kama jiko la seli ilithibitishwa Marekani mwaka wa 1948 na Eugene Kennedy na Albert Lehninger. Ribosomu na lisosomu zilielezwa mwaka wa 1955, ya kwanza na George Palade, ya pili na Christian de Duve, wakati hadubini ya elektroni na mashine za kuchuja seli zilipokuwa zimepatikana. Wawili hao pamoja na Albert Claude walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1974.

Sasa turudi kwenye damu. Seli nyekundu ni boma la ajabu. Inapokua ndani ya uboho, yaani ule urojo wa mifupani, ina kiini, ina ribosomu, ina mitokondria. Ribosomu hufanya kazi usiku na mchana kutengeneza himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Kazi ikiisha, seli hutupa kiini, halafu mitokondria na ribosomu nazo huondolewa. Ni kama matatu iliyong'olewa viti ili ibebe magunia mengi zaidi. Hubaki laini, yenye umbo la sahani iliyobonyea katikati, ikapenya kwenye mishipa myembamba kwa muda wa siku 120 hivi.

Je, agizo lililo ndani ya kiini likiwa na kosa? Fundi ribosomu hana pa kuuliza. Hutengeneza kama alivyoagizwa.

Mwaka wa 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za mgonjwa wake, kijana kutoka kisiwa cha Grenada, ambaye baadhi ya seli zake nyekundu zilikuwa zimepinda kama mundu wa kukatia majani. Mwaka wa 1949 Linus Pauling na wenzake, huko huko Marekani, walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hao ni tofauti na ya watu wengine. Mwaka wa 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alilipata kosa lenyewe. Katika mnyororo wa himoglobini wenye vipande 146, ni kipande kimoja tu kilichobadilika. Basi kwa kipande hicho kimoja, seli ikikosa oksijeni hupinda, hukakamaa, huziba mishipa na kuleta maumivu makali. Tena hufa mapema, kati ya siku 10 na 20, ndiyo maana mtoto hupungukiwa damu na macho yake huwa ya manjano. Huo ndio ugonjwa wa selimundu.

Hapa hadithi inaingia nyumbani kwetu Kenya. Mwaka wa 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia hapa nchini na aliyekuwa akisomea udaktari Oxford, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya. Aliona kwamba Pwani na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kati ya 100 walibeba alama ya selimundu. Katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja kati ya 100. Akajiuliza, Pwani na ziwani wanashiriki nini? Wanashiriki mbu na malaria. Mwaka wa 1954 alichapisha jibu: mtu aliyerithi kosa hilo kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana alama hiyo ilidumu katika sehemu hizo kwa vizazi vingi.

Kwa hiyo, mama uliyeambiwa umeleta laana, sikiliza vizuri. Mtoto huugua selimundu anaporithi maagizo yenye kosa kutoka kwa wazazi wote wawili, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Wazazi wakiwa wabebaji tu, mara nyingi wao wenyewe hawaugui. Katika kila mimba yao kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Hakuna wa kulaumiwa, wala wa kufukuzwa katika boma.

Tahadhari moja: kinga ile dhidi ya malaria ni ya mbebaji. Mtoto mwenye ugonjwa wenyewe, malaria inaweza kumuua upesi.

Tufanye nini basi? Mtoto wa miezi sita hivi akivimba mikono na miguu, akilia kwa maumivu, akikosa damu au macho yakiwa ya manjano, mpeleke hospitali apimwe himoglobini. Akigunduliwa, apewe dawa alizoandikiwa bila kukosa siku, alale ndani ya neti, anywe maji mengi, na apate chanjo zote. Homa ikimpata, usingoje kesho. Nanyi vijana mnaopanga kuoana, nendeni mpimwe mapema, mjue hali zenu.

Leeuwenhoek aliamua kutazama badala ya kukisia. Nasi tufanye hivyo: kabla ya kumnyoshea mtu kidole, tupime damu.