Wepesi wa Chapa na Uzito wa Khati

Ndugu walimu, tumfundishapo mwanafunzi kuandika neno "paa", twamfundisha pia kipande cha historia bila kumwambia. Paa la nyumba na paa wa mwituni huandikwa sawasawa, lakini mwenyeji wa Mvita hayatamki sawasawa: amtajapo mnyama, pumzi hutoka pamoja na ile p. Kadhalika kaa la moto na kaa wa baharini. Tahajia yetu haiijali pumzi hiyo, nasi tuishio mbali na pwani tumekua bila kuisikia.

Hapo kale Kiswahili kiliandikwa kwa khati ya Kiarabu. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi wake mwaka 1858. Khati hiyo, tuseme kweli, haikuwa nyepesi. Kiarabu kina irabu fupi tatu, Kiswahili kina irabu tano. Kiarabu hakina p wala ch, na ile n ya "nd" aghalabu iliachwa. "Penda" na "pinda" ziliweza kuandikwa namna moja. Ilimpasa msomaji aujue utungo kwa sikio, kutoka kwa mwalimu, ndipo jicho limfae. Wengine huiita hiyo kasoro. Mimi naona ilimzuia mtu kusoma asichokielewa.

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na kitabu chake cha sarufi, kilichotoka mwaka 1870, kilitumia herufi za Kirumi. Shule za Wajerumani, kisha za Waingereza, zikafuata njia hiyo. Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923, mtu wa Tanga na mtu wa Tabora waliweza kusoma ukurasa mmoja. Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ikasawazisha tahajia katika nchi nne, Uganda ikiwamo. Faida hiyo siikani. Bila ya herufi hizo nisingekuwa mwalimu wa Kiswahili.

Lakini mzee aliyeandika barua na hati za mashamba kwa khati yake akahesabiwa, mbele ya meza ya karani, kuwa hajui kusoma. Wajukuu wake wakarithi sanduku la makaratasi wasiyoweza kuyasoma.

Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yaliponea chupuchupu. Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu, akisaidiana na W. E. Taylor. Taylor hakutosheka na herufi za kawaida: aliongeza alama za kutenga t mbili za Kimvita na kuonyesha pumzi. Wachapaji waliona taabu, na alama hizo hazikuingia katika vitabu vya shule.

Nilipata kumwalika darasani mzee mmoja wa Lamu, mfanyabiashara wa mjini kwetu, atamke "paa" mara mbili. Wanafunzi walicheka. Kisha mmoja akauliza kwa nini kitabu chake hakikuandikwa hivyo.