Ramani Isiyoanzia Mlimani: Utafiti wa Mageuzi ya Elimu ya Juu Ukitazamwa kutoka Bukoba na Muleba

Anayefuatilia mielekeo ya utafiti kuhusu mageuzi ya elimu ya juu nchini Tanzania huanza, kwa kawaida, na mwaka 1961, Dar es Salaam ilipopata chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kutoka hapo njia imekwisha kufyekwa. Maandishi ya miongo miwili ya mwanzo yanajadili maudhui: nani afundishwe, afundishwe nini, na kwa itikadi ipi. Azimio la Musoma la 1974, lililotaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, ni sehemu ya mjadala huo. Katika miaka ya 1990, Mlimani ilipoanza mpango wake wa mabadiliko, maswali yakageuka kuwa ya fedha, udahili na uongozi. Vielelezo vyema ni vitabu viwili vya 2003, kimoja cha Luhanga na wenzake, kingine cha Mkude, Cooksey na Levey.

Mkude ni mwanaisimu, lakini kitabu hicho ni cha Kiingereza. Tume ya Makweta ilikuwa imependekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, kisha kipande hadi vyuo vikuu; pendekezo halikutekelezwa. Tangu hapo, kwa maoni yangu, suala la lugha limebaki kwa wanaisimu na suala la mageuzi kwa wachumi na watawala, makundi yasiyosomana sana.

Tukiitazama historia hii kutoka Kagera, mwaka 1961 si mwanzo. Vijana waliolelewa katika Seminari ya Rubya, Muleba, walivuka mpaka kwenda Katigondo, karibu na Masaka, Uganda, kusoma falsafa na teolojia. Laurean Rugambwa alipita njia hiyo. Alipadrishwa 1943, na 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama zetu. Kwa upande wa Walutheri, Josiah Kibira, aliyekuwa askofu Bukoba tangu 1964, alisoma hadi Boston, na utafiti wake kuhusu kanisa na ukoo ukachapishwa 1974. Njia hizi zote zilielekea nje ya nchi, hivyo mtafiti wa nyaraka za Mlimani hazioni.

Katika miaka ya 2010 Bukoba ilikuwa na vyuo vikuu vishiriki viwili vyenye majina ya watu hao hao, Rugambwa na Kibira. Havikudumu. Tafiti hupenda kuhesabu vyuo vinavyofunguliwa. Vinavyofungwa huachiwa taarifa za magazeti, ingawa humo ndimo mageuzi yanapopimwa.

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu nchini, na kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huko Bukoba imo katika mradi huo. Waliofundisha na waliosoma katika vyuo vile viwili wangali hai, na wanaweza kuhojiwa kwa Kiswahili au kwa Kihaya.