Marudio ya ng'ombe: historia fupi ya kupima naitrojeni, hadi Buzwagi

Kama unaishi Buzwagi au popote pale Kahama, neno "marudio" huhitaji kufundishwa. Ni mchanga uliokwisha kupita kwenye mwalo. Dhahabu ya kwanza imeshachukuliwa, lakini bado kuna kitu ndani yake, ndiyo maana kuna watu wanaununua wakauchenjue tena. Mchimbaji mzoefu haulizi tu "nimepata gramu ngapi?" Anauliza pia "nimeacha ngapi?"

Leo tuulize swali hilohilo kwa ng'ombe wa maziwa. Dhahabu yetu ni naitrojeni, ambayo imo katika kila protini. Ng'ombe anaiingiza mwilini kwa majani, pumba na mashudu ya pamba. Sehemu inatoka kwenye maziwa, nyingine kwenye kinyesi na mkojo. Ukigawanya iliyotoka kwenye maziwa kwa iliyoingia kwa chakula, unapata kile wataalamu wanachokiita ufanisi wa matumizi ya naitrojeni.

Twende na hesabu. Tuseme chotara anakula kilo 12 za chakula kikavu chenye protini asilimia 14. Hiyo ni kilo 1.68 za protini. Gawa kwa 6.25, unapata kama gramu 269 za naitrojeni. Akitoa lita 10 za maziwa, protini yake ni kama gramu 330, yaani naitrojeni gramu 52 hivi. Asilimia 19 tu! Karibu zote zilizobaki ni marudio.

Hesabu hii ni ya zamani kuliko unavyodhani. Mwaka 1839 mkemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault, aliyekuwa na shamba Bechelbronn huko Alsace, alitoa matokeo ya jaribio lake. Alimlisha ng'ombe viazi na majani makavu, akapima kila kilichoingia na kila kilichotoka. Alitaka kujua kama mnyama anavuta naitrojeni kutoka hewani. Kwa siku iliingia kama gramu 200, na kwenye maziwa zikatoka kama 46. Jumla iliyotoka haikuzidi iliyoingia, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kusema hewa inamlisha ng'ombe. Angalia jambo moja hapa: daftari lake lilikuwa na kurasa za chakula, maziwa, kinyesi na mkojo, na tofauti iliyobaki ilionekana wazi. Hiyo tofauti tutairudia.

Mwaka 1883 Johan Kjeldahl wa maabara ya Carlsberg, Copenhagen, alirahisisha kazi. Unachemsha sampuli kwenye asidi ya salfuriki, naitrojeni inageuka kuwa amonia, unaipima. Kuanzia hapo maabara yoyote yenye moto na asidi iliweza kupima protini ya majani.

Kwetu, kazi hiyo ilifanyika Mpwapwa, kwenye kituo kilichoanzishwa enzi za Wajerumani. Miaka ya 1930 na 1940, M. H. French alipima pale ubora wa majani na vyakula vya mifugo vya Tanganyika. Kwenye kituo hichohicho ikazalishwa mbari ya Mpwapwa, ambayo zaidi ya nusu ya damu yake ni Red Sindhi na Sahiwal kutoka nchi ambayo leo ni Pakistan, ikachanganywa na ng'ombe wetu wa asili, Boran na kiasi kidogo cha damu ya Ulaya. Wazo lilikuwa zuri: ng'ombe wa maziwa anayevumilia nchi kavu.

Usukumani kulikuwa na kipimo kingine. Mradi wa maendeleo ulioanza mwaka 1947 ulitazama hasa idadi ya vichwa na eneo la malisho, na jibu lake likawa kupunguza mifugo kwa lazima. Watu walipinga, na walikuwa na haki. Wasukuma walikuwa na sayansi yao ya kiangazi: ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa majani yanapoadimika kwingine. Ngitili nyingi zilivurugika wakati wa kuhamia vijijini miaka ya 1970, hadi mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulipozifufua.

Sasa, kwa nini historia hii ikuhusu? Kwa sababu leo madume ya kupandisha yanachaguliwa kwa kompyuta, na naitrojeni imeingia kwenye mchezo. New Zealand na Ulaya, ambako mkojo wa ng'ombe unachafua maji kwa naitreti, kuna wanaochagua madume ambayo binti zao wana yurea kidogo kwenye maziwa. Hata huko wanasayansi wanabishana kama yurea kidogo kweli ina maana ya ufanisi mkubwa. Huku kwetu mtego ni mbaya zaidi.

Fikiria ng'ombe wa Kahama mwezi wa tisa. Majani makavu yana protini chini ya asilimia 7, kiwango ambacho vijidudu vya tumboni vinaanza kushindwa kazi. Yurea yake iko chini sana. Anatoa lita moja na nusu. Ukigawanya, ufanisi wake unaweza kuonekana wa ajabu! Lakini maziwa hayo anayatoa kwenye nyama yake mwenyewe. Anakonda, na mimba ijayo inachelewa. Yule Mfaransa angeliona hilo, kwa sababu hesabu yake ilionyesha tofauti. Kipimo kifupi cha maziwa kugawanya kwa chakula kinaificha. Ukichagua dume kwa kipimo hicho, unaweza kuwa unachagua njaa.

Na marudio? Kwa mkulima wa mahindi au pamba, samadi si taka. Hasara inaanza pale mkojo unapoachwa uvukize amonia juani badala ya kunyonywa na mabua zizini.

Mradi wa ADGG, unaoongozwa na ILRI kwa kushirikiana na TALIRI, umeonyesha kwamba rekodi za wafugaji wadogo zinaweza kuchagua madume hapahapa nchini. Lakini ulianzia kwenye mikoa ya maziwa kama Kilimanjaro, Tanga na Mbeya, ambako kiangazi si hiki chako.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye ng'ombe, anza na daftari na kamba ya kupima kifua. Andika maziwa, andika chakula, pima uzito kila mwezi, masika na kiangazi. Mgodi wa Buzwagi ulifunguliwa mwaka 2009 na uzalishaji ukakoma 2021. Ng'ombe walikuwepo kabla yake na bado wapo. Mtaalamu wa uhimilishaji akikuletea mbegu ya dume bora, muulize: bora kwa kipimo gani, na binti zake walipimwa kiangazi cha wapi?